Uso wa Kwenye Bango

Jumatatu, mwezi wa tatu, tarehe sikuangalia

Filimbi mdogo wangu,

Mimi mzima, ngazi nzima, brashi zangu zote nzima isipokuwa ile ndogo ambayo panya wameila manyoya, na panya wenyewe nimeshawamaliza. Naandika kwa penseli ya fundi kwa sababu kalamu za wino za siku hizi zinakufa kabla mtu hajafika katikati ya neno. Na usiniambie nipige simu. Simu inakula maneno, unasema mengi yanafika machache, na hayo machache unakuta ndiyo hukuyataka yafike.

Picha yako nimeipata. Nguo ya kazi ya hoteli imekukaa, hiyo kola aliyeishona mwambie Brashi kasema ni fundi, na mimi sisifu ovyo. Lakini kwa nini hukuniambia kwamba meno yanakuuma? Mashavu yamevimba yote mawili, mdomo nao umevimba juu na chini, maana yake si jino moja hilo, ni kinywa kizima. Mimi nilipoumwa lile gego la nyuma nililing'oa mwenyewe kwa koleo, nikatema, nikapanda ngazi nikamalizia neno BUCHA na herufi hazikutikisika. Uliza mtu yeyote. Lakini wewe ni mtu wa hotelini, nenda kwa daktari. Sukutua na maji ya chumvi ya uvuguvugu, na usicheke kwenye upepo.

Habari kubwa ni ya saluni. Tangu Mama Saluni afariki, binti yake ndiye mwenye duka, na anataka bango jipya. Alikwenda kwa wale wanaochapa kwa mashine wakamwonyesha matambaa ya plastiki. Nikamwambia bango lile nililichora mimi na litakwanguliwa na mimi, na la pili litachorwa na mimi, hakuna mwingine. Akakubali, angekataaje. Uso wako bado uko pale juu ya mlango. Rangi imepauka, ndege wamechafua hereni moja, lakini macho bado yanamfuata mtu mpaka kwenye kona.

Jana nilisimama ng'ambo ya barabara, pale alipokuwa anakaa fundi viatu, pale pale ulipokuwa unasimama wewe na gauni lako la shule. Unakumbuka? Mtu aliye juu ya ngazi pua yake iko kwenye ubao, haoni kama mstari unapanda mlima. Wewe ndiye uliyekuwa unaona. Mluzi mmoja nipandishe mkono, miwili nishushe, mitatu nishuke mwenyewe, mama kashapakua. Mtaa mzima ulikuwa unaijua ile lugha. Mpaka fundi viatu akawa ananikaripia, "Kasema miwili, wewe, una masikio ya mapambo?" Nilisimama pale nikajikuta nangoja mluzi, halafu nikakumbuka mpigaji ni mama mtu mzima na yuko mbali anagawa funguo.

Pole ya meno.

Kaka yako,
Brashi, yule yule


14 Machi

Kaka yangu Brashi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wenzangu wakaniuliza nimetumiwa nini kinachonichekesha hivyo. Nikawaambia nina kaka aliyejing'oa gego kwa koleo. Hawakuamini. Wangekujua wangeamini.

Kaka, siumwi meno. Nimenenepa kidogo usoni, basi. Siku hizi nalala vizuri na nakunywa maji mengi. Mtu akifika umri wangu uso hubadilika, usinitafutie ugonjwa.

Kinachonikosesha raha ni kazi. Hoteli inajenga ukumbi mpya wa mapokezi, na kaunta ya jiwe jeupe, taa zinawaka kutoka chini, na mbele watasimama watu watatu tu. Mimi nimesimama kwenye kaunta ya zamani tangu funguo zilipokuwa za chuma zenye kibao cha mti, mgeni akisahau kuurudisha ufunguo unausikia unavyogongagonga mfukoni. Sasa meneja mpya ameniita ofisini. Akaniambia labda nitafaa zaidi chumba cha nyuma, kupokea simu. "Sauti yako ni nzuri sana, mama." Umeona alivyoisema? Sauti.

Kabla hujalikwangua lile bango, naomba unipigie picha ya uso ule. Karibu, uso peke yake. Nimeutamani tu, nataka kuukumbuka.

Na wewe, binti wa Mama Saluni kanieleza kwa simu kwamba uliteleza kwenye ngazi ukaning'inia kwenye bomba la maji ya mvua. Kwa umri wako, kaka! Wapangaji wa juu walikuchungulia dirishani. Shuka, waachie wengine.

Mdogo wako,
Filimbi


Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi

Filimbi,

Marahaba. Sikuteleza. Nilishuka kwa njia nyingine. Na lile bomba nililishika kuliangalia kama ni imara, na ni imara, wapangaji wa juu wanishukuru.

Picha hiyo humu ndani. Kapiga binti wa Mama Saluni kwa simu yake, mimi nikimwelekeza maana yeye alitaka kupiga na mlango, nikamwambia mlango haujaombwa. Itazame. Rangi imepauka lakini mkono wa fundi haupauki.

Umenikumbusha siku ile. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umemaliza shule, umekaa juu ya kopo la rangi mbele ya saluni umeshika gazeti la hadithi za mapenzi na hutaki kunyanyua uso. Nakwambia nitazame, unanyanyua jicho moja. Nikachora hivyo hivyo. Bango lilipopanda watu walisimama, mwenye baiskeli akashuka, na mama naye akaja na kapu lake akatazama juu akasema, "He! Na huyu ni nani mzuri hivi?" Watu wakacheka, wewe ukanuna mpaka jioni. Sikuelewa kwa nini. Mtu anasifiwa ananuna.

Basi wanawake wakawa wanaingia saluni wanasema, "Nataka kama wa kwenye bango." Nywele walizipata. Sura je? Wapi!

Na siku ulipoondoka kwenda kuanza kazi hotelini, basi lenu lilipita pale. Mimi nilikuwa juu ya ngazi kwenye duka la mbele, nikakuona umetoa kichwa dirishani unapunga. Nikapunga na brashi, rangi ikanimwagikia shatini. Baadaye ndiyo nikagundua nilikuwa mgongoni mwako. Ulikuwa unalipungia bango. Nimecheka mwenyewe miaka yote hii sijawahi kukwambia.

Meneja wako mwambie aje huku nimchore. Nitamfanyia masikio makubwa.

Brashi


2 Aprili

Kaka,

Picha imefika. Nimekaa nayo kitandani mpaka chai ikapoa. Nilikuwa mzuri, kaka. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Au mliniambia, nami nikawa nimeinamia gazeti.

Sasa nikwambie, maana kukuficha wewe kunanichosha. Si meno na si maji. Ni sindano. Wanaiita filla, ni dawa kama ute mzito, inadungwa chini ya ngozi ikajaza pale palipobonyea. Nilianza baada ya msiba wa shemeji yako. Uso wangu wote ulikuwa umeanguka, wageni wakifika kaunta wananiuliza kama naumwa. Mara ya kwanza ilikuwa kidogo tu, mistari miwili ya pembeni ya mdomo, na nilipendeza, kweli nilipendeza, hata mwanangu alisema. Nikarudi. Nikarudi tena. Inafika mahali ukijitazama kwenye kioo unaona palipopungua tu. Palipojaa hupaoni.

Wa kwanza alikuwa daktari wa ngozi. Mwisho akanikatalia. Alisema uso umeshapokea vya kutosha, dawa imeanza kuhama kutoka ilipowekwa, na mishipa ya puani si ya kuchezea. Nikaondoka nimekasirika. Nikampata mwingine, dada mmoja mchangamfu, ana chumba juu ya duka la vipodozi na hana maswali mengi. Nilimpa picha uliyonitumia. Akaibandika pembeni ya kioo akasema, "Mama, huyu tunamrudisha." Mashavu yale, midomo ile, na pua ile iliyonyooka. Ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kaunta mpya inafunguliwa siku chache baada ya hapo, na meneja hajaandika bado majina.

Mambo madogo madogo yapo, sikufichi. Chai inanichuruzika pembeni ya mdomo. Nikicheka, shavu la kushoto linachelewa. Juzi nilijaribu kupiga mluzi jikoni, ule wetu, ukatoka upepo. Lakini hayo mgeni wa kaunta hayaoni. Mgeni anataka funguo na uso.

Usinigombeze. Nimekwambia wewe kwa sababu uso wenyewe uliuchora wewe.

Filimbi


Alhamisi, barua yako nimeipata leo, ililala posta

Filimbi,

Salamu baadaye.

Huyo mwenye chumba juu ya duka umemtoa wapi? Mimi napaka puti tangu hujaota meno. Puti ni ya kuziba tundu la msumari. Ukiona fundi anapaka puti ubao mzima, jua ubao huo kashauharibu na anatafuta pa kujificha. Halafu tazama alivyokaa, yeye pua kwa pua na wewe, wewe pua kwa pua na kioo. Ng'ambo ya barabara yuko nani? Nani anapiga mluzi? Daktari alikupigia, ukaenda kutafuta fundi kiziwi!

Na sasa nikueleze kuhusu uso ule, maana watu hawajui kazi iliyofanyika pale, na wewe pia hujui, ulikuwa unasoma mapenzi.

Mashavu yale si yako. Wewe ulikuwa umekonda kama mpini wa brashi. Nilikuchora ulivyo, Mama Saluni akatoka na kitana mkononi, akatazama, akaniambia, "Huyu mbona ana njaa? Wateja watadhani humu ndani tunanyoa na nyama." Nikamtazama yeye mwenyewe. Mashavu yake unayakumbuka, marehemu, kama vitumbua viwili. Nikayachukua yote nikakupa wewe. Akafurahi, akasema sasa huyu ndiyo mtu, hata hakujua kwamba anajisifu. Fundi gani mwingine angefanya hivyo bila mwenye mashavu kushtuka?

Midomo. Ile rangi nyekundu ilikuwa imebaki kwenye kazi ya bucha, imeanza kuganda, ukiigusisha kidogo tu inajaa yenyewe. Nikaona isipotee bure. Ile ni midomo ya bucha.

Na pua. Pua ndiyo kazi ya maisha yangu. Bango lile ni mbao mbili, zimeunganishwa wima, na ungio linapita katikati kabisa. Wengine wangeliacha likaonekana kama kovu. Mimi nikaipitisha pua yako juu ya ungio, kutoka kwenye paji mpaka mdomoni, wima, na mpaka leo hakuna aliyegundua. Pua yako wewe inakwenda kushoto, tangu kopo langu lilipokudondokea. Pua iliyonyooka namna ile ni mbao, Filimbi! Unakwenda kudungwa sindano ufanane na mbao mbili, rangi ya bucha, na Mama Saluni aliyekwisha kufa!

Mama peke yake ndiye aliyejua. Ndiyo maana aliuliza huyu ni nani.

Nakupigia mitatu kutoka huku. Shuka.

Brashi


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi mpwa wako, binti wa Filimbi, yule wa duka la dawa. Mama hawezi kuandika kwa sasa. Anaongea, anakula, na anaona. Nimeanza na hayo ili yaliyobaki uyasome umekaa.

Jumamosi ya tarehe kumi alikwenda kule juu ya duka la vipodozi bila kuniambia. Alidungwa midomo, mashavu, halafu pua. Kwenye pua alisikia maumivu kama waya wa moto, yakapanda mpaka jichoni. Yule dada akamwambia ni kawaida, akamwekea barafu, akamruhusu. Mama akarudi nyumbani amejifunika mtandio.

Nilipotoka kazini nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa bafu, taa imezimwa. Nikaiwasha. Ngozi ya pembeni ya pua ilikuwa nyeupe kama karatasi, na kuizunguka rangi ya zambarau imejichora kama wavu. Akaniambia, "Mwanangu, taa hii ina ukungu?" Haikuwa taa. Nikampigia yule dada. Alisema mkande kwa maji ya moto, kisha simu yake ikazimwa. Mimi nauza dawa, si daktari, lakini nilijua hilo si la kukanda. Tukakimbilia hospitali.

Daktari alinieleza kwamba dawa iliingia kwenye mshipa wa damu ikauziba. Ngozi ikakosa damu. Mishipa ya pale inaungana na ya jicho, na jicho likikosa damu halina subira, watu wamepofuka kwa sindano kama hiyo. Walimdunga dawa ya kuyeyusha, wakarudia, wakarudia. Ukungu umeondoka. Daktari mwenyewe alikaa kwenye kiti akashusha pumzi. Lakini ngozi pembeni ya pua imekufa kipande, itaacha kovu. Na shavu la kushoto kuna kinundu cha zamani kimekataa kuyeyuka. Hakuna anayejua kilichomo, kwa sababu yule dada hakuwahi kumwonyesha chupa wala kumtajia jina la dawa. Chumba chake sasa kimefungwa.

Barua yako tuliikuta imesukumwa chini ya mlango tuliporudi. Nilitaka kumsomea, akasema ataisoma mwenyewe. Kaunta imefunguliwa bila yeye. Kioo cha bafuni amekigeuza ukutani. Na amesema nikwambie usije kumwona, naye hatakuja huko.

Mjomba, sijui umemwandikia nini. Ila amelala nayo chini ya mto.

Mpwa wako


Jumapili

Filimbi mdogo wangu,

Barua ya mpwa wangu nimeisoma mara nyingi. Si kwamba sijui kusoma, watu wasiseme. Kuna neno nilikuwa nalirudia kuhakikisha ni lile lile. Neno lenyewe ni "anaona".

Barua yangu ile usiisome. Itupe. Au soma ile sehemu ya pua tu, kwa sababu ile ni kazi. Hapana, itupe yote.

Leo sikupanda ngazi. Nimekaa chini yake juu ya kopo, binti wa Mama Saluni akatoka akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nafikiri rangi. Nilikuwa nafikiri lile kopo lingine, lililokudondokea. Ulikuwa mdogo, nilikuwa namalizia bango la duka la baiskeli. Damu zikatoka, ukajifuta na tambara langu lenye rangi ya bluu, ukawa bluu na nyekundu uso mzima. Tulipofika nyumbani ukamwambia mama umejigonga kwenye mlango. Uliogopa atakukataza kuja kwenye ngazi. Hata kulia hukulia. Nilipokuuliza njiani ulisema, "Nikilia tutachelewa."

Na kesho yake ukaja. Pua imekuwa kama kiazi, jicho moja limejifunga, ukasimama ng'ambo pale pale ukapiga mluzi umepinda, unatoka na mate. Fundi viatu akasema, "Leo filimbi ina maji." Nikapandisha uliposema nipandishe, nikashusha uliposema nishushe. Bango lile lipo mpaka leo, Filimbi. Duka limehama, herufi zimebaki. Nimekwenda kulitazama leo. Zote ziko sawa kama maji kwenye sahani, na zilipigiwa mluzi na mtu aliyevimba.

Sikuulizi usoni pakoje. Niambie unakula nini.

Kaka yako


6 Mei

Kaka,

Nakula. Mwanangu ananipondea kila kitu kama mtoto, sasa nimeanza kumkatalia.

Barua uliyosema niitupe nilikuwa nimeshaisoma. Niliisoma na bandeji usoni, na nilipofika kwenye mbao mbili na bucha nilicheka, kaka, nilicheka mpaka kidonda kikachanika na mwanangu akaja mbio. Halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Nesi angenifunga kamba.

Umeeleza jambo nililokuwa sijalijua kwa miaka mingi. Siku mama alipouliza huyu ni nani, nilinuna kwa sababu na mimi nilikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nikitoka kulitazama lile bango naenda kusimama mbele ya kioo cha mama, kile chenye ufa, naona nimepungua. Miaka kumi na tisa, kaka, na tayari najiona nimepungua! Kila nilipokuja likizo nililitazama kwanza bango, ndipo nikaingia nyumbani. Nilidhani nilikuwa na uso ule nikaupoteza mahali, kwenye kaunta, au kwenye msiba. Kumbe nilikuwa nadai kitu cha Mama Saluni.

Sikulaumu. Ulitaka kazi ipendeze, na ilipendeza.

Nikwambie na usoni, kwa kuwa hukuuliza. Mashavu yameshuka. Ngozi iliyokuwa imevutwa imebaki kama shati lililotoka kwenye sanduku bila pasi. Midomo imerudi, ina mistari. Pembeni ya pua kuna alama, kama mtu kanigusa na kidole chenye rangi akasahau kufuta. Kinundu cha shavuni kiko kama punje ya harage, nikilala upande ule nakisikia. Daktari wa ngozi, yule wa kwanza, amenipokea tena. Hakunisema. Ningependa angenisema.

Nimerudi kazini, chumba cha nyuma. Napokea simu. Juzi mgeni mmoja wa zamani aliposikia sauti akasema, "Ni wewe? Uko wapi siku hizi, mbona hatukuoni?" Nikamwambia nipo.

Huko siji, kaka. Usinibembeleze. Mtaa ule unanijua kwa bango. Nikishuka kwenye basi watalitazama, halafu watanitazama mimi. Ukilikwangua chora mtu mwingine, wako wasichana wengi wazuri.

Mluzi nimejaribu. Bado ni upepo. Lakini jana ndani ya upepo kulikuwa na kasauti kembamba.

Filimbi


Jumatano, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano, nimeangalia kwa makusudi

Filimbi mdogo wangu,

Mimi mzima, ngazi nzima, brashi nzima, na ile iliyoliwa na panya nimeitengeneza upya kwa manyoya ambayo sikwambii nimeyatoa wapi, ila paka wa saluni ananikimbia.

Bango nimelishusha. Si peke yangu, kabla hujaanza. Kaja fundi bomba na mpangaji wa juu, yule aliyenichungulia. Nimelikwangua uani. Mashavu yalitoka upesi, yalikuwa rangi nyepesi. Midomo ya bucha imenitoa jasho asubuhi nzima, nimemaliza msasa. Pua nilipoikwangua ungio likatokea, limekaa pale pale linanitazama. Nikawaita watu waje waone lilivyofichwa. Wakasema kweli wewe mzee ni fundi. Nikawaambia mnaona leo?

Mbao zile mbili nimempa fundi bomba atengenezee kabati. Bango jipya ni plaiwudi, kipande kimoja, kipana, hakina ungio popote. Nimepaka rangi ya chini, nikapiga msasa, nikapaka tena. Nimechora nywele kama za kwenye picha yako ya hoteli, na mvi zake, binti wa Mama Saluni alitaka nizitie weusi nikamwambia mvi ni wateja, wako wengi. Nimechora shingo. Nimechora hereni zote mbili. Ile kola nimeifanya vizuri kuliko aliyeishona. Limeshapanda juu ya mlango. Katikati nimeacha peupe.

Mtaa umenisumbua. "Mzee, umesahau uso?" "Mzee, rangi imekwisha?" Binti wa Mama Saluni anasema namharibia biashara, watu wanaingia kuuliza hawaingii kusuka. Unasema nichore mtu mwingine. Sijui sura ya mtu mwingine.

Na kuna jambo nakwambia wewe, usimwambie mpwa. Siku hizi nikiwa juu ya ngazi kila mstari naona umenyooka. Yote. Hata ile niliyojua nimeipinda. Fundi akifika hapo anahitaji mtu ng'ambo.

Kwa hiyo sikiliza. Alama ya pembeni ya pua nimeshaichanganyia rangi, kahawia na tone la zambarau, imekaa kwenye kopo imefunikwa. Kile kinundu nitakipa kivuli chake, sitakipunguza na sitakiongeza. Mistari ya mdomo nina brashi yake, ndiyo hii ya paka. Na pua safari hii iende inakotaka, ubao ni mmoja.

Njoo usimame pale pa fundi viatu. Watakaokutazama watakuwa wananitazama mimi pia, na mimi napenda kutazamwa, nitawamaliza. Mluzi ukitoka upepo, punga mkono, nitakuwa nageuka nyuma. Mmoja nipandishe. Miwili nishushe. Ukitazama juu ukaona ni wewe, piga mitatu. Nitashuka, na ngazi nitamwachia binti wa Mama Saluni aanikie taulo zake, sipandi tena, umeshinda, ila usimwambie mtu umeshinda.

Nisipokuona ng'ambo sipandi. Bango litakaa hivyo hivyo, nywele na hereni. Leo asubuhi mama mmoja kapita na kapu, kasimama, katazama juu, kaniuliza, "Na huyu ni nani?"

Nimemwambia yuko njiani.

Kaka yako,
Brashi